Eksesi ya bima ya gari: uharibifu 68, bima ikalipa 8. Madereva wachanga pitieni hapa

Usukani22

Habarini wakuu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa aibu, ila kila baada ya siku chache naona kijana mwenzangu anauliza humu: "Nina bima kubwa, si nimemaliza?" Hujamaliza. Nami nilidhani nimemaliza.

Nina miaka 22. Siku ya tukio leseni yangu ilikuwa na miezi saba. Nilikuwa narudi nyuma kwenye maegesho ya chini ya jengo, redio iko juu, shingo nimeigeuza nusu, nikasikia mlio kama mtu kakanyaga kopo. Nguzo. Bampa la nyuma limeingia ndani, taa ya kushoto imepasuka, mlango wa buti haufungi. Hakuna aliyeumia, hakuna gari jingine. Nikajifariji kwamba ndiyo maana nalipia bima.

Wiki tatu baadaye gereji wakanipigia, gari tayari. Nimefika nalikuta limeoshwa, viti bado vimefunikwa nailoni, harufu ya rangi mpya. Ufunguo umening'inia kwenye msumari nyuma ya karani. Nikanyoosha mkono, yeye akanisogezea karatasi. "Lipa sehemu yako kwanza." Nikacheka, nikijua kakosea mteja. Hakukosea.

Kwa kuwa humu tumetoka nchi mbalimbali, sitataja sarafu. Nitahesabu kwa "vipande", kila mtu aweke pesa ya kwao. Gari langu limekatiwa bima kwa thamani ya vipande 1,000. Matengenezo yalifika 68. Karatasi ilisomeka hivi:

Eksesi ya msingi, 2.5% ya thamani ya gari: 25
Nyongeza ya dereva wa chini ya miaka 25: 20
Eksesi ya hiari: 15
Sehemu ya mteja: 60

Kampuni ya bima ikalipa 8. Nane!

Nilipiga simu nikiwa nafoka. Dada aliyepokea akaniambia kwa upole nifungue jedwali la mkataba wangu, ukurasa wa tatu. Mistari yote mitatu ilikuwepo, na sahihi yangu iko chini yake.

Kwa ambao hawajawahi kulisikia neno hili: eksesi ni lile fungu la kwanza la hasara ambalo wewe mwenye bima umekubali kulibeba. Bima inaanza kulipa pale fungu lako linapoishia. Uharibifu ukiwa mdogo kuliko eksesi, bima hailipi kitu na wala haijavunja mkataba. Wenye bima za Marekani kwenu lina jina jingine, jambo ni lilelile.

Kilichoniuma zaidi ni ile 15 ya hiari. Wakati nanunua bima mtandaoni kulikuwa na kitufe cha kuvuta. Ukikivuta kulia, ada inashuka. Nikakivuta, ada ikatoka 50 ikawa 46, nikajiona mjanja. Niliokoa 4 kwa kuahidi kulipa 15, tena katika mwaka ambao mtu ana uwezekano mkubwa kuliko wakati wowote wa kugonga nguzo.

Halafu mwaka ulipoisha ikaja ada mpya: 54. Nisingedai ningepata punguzo la kutodai la 10%, ningelipa kama 41. Kwa hiyo nimelipa karibu 13 za ziada ili nipate 8. Safari ijayo nikigonga kitu kidogo nanyamaza kimya, siwaambii kabisa.

Maswali karibuni, na wenye ujuzi mnisahihishe.

Tairi la Akiba

Pole mkuu. Hiyo "nane" imenichekesha na kunitisha kwa pamoja. Mimi nina 20, leseni mwaka mmoja na kidogo. Jumamosi shangazi ananiazima gari lake niende nalo harusini. Yeye ana miaka 51, hajadai bima zaidi ya miaka kumi. Nikigusa mahali, eksesi inayohesabika ni ya nani, yake au yangu? Maana bima ni yake.

Mjuaji

Huu ni ubaguzi wa wazi. Kuna wazee wanaendesha hovyo kuliko sisi na hakuna anayewaongezea kitu. Bima ni biashara ya kuibia vijana, basi.

Dawati la Madai

Nilikaa dawati la madai miaka tisa. Ule mshangao wa mtoa mada mbele ya karani nimeuona mara nyingi mno. Ngoja nijibu kwa zamu.

Tairi la Akiba, katika mikataba mingi nyongeza ya ujana inamfuata aliyeshika usukani wakati wa ajali. Jina lililo kwenye mkataba halibadilishi hilo. Shangazi yako akigonga mwenyewe, atalipa eksesi ya msingi tu. Ukigonga wewe, inapandishwa juu yake nyongeza ya umri, na mara nyingine nyongeza ya leseni changa pia. Umri unaoangaliwa kwa kawaida ni ule wa siku ya ajali, hata kama bima ilikatwa ukiwa mdogo zaidi. Na punguzo la kutodai litakaloguswa ni lake, lile alilolijenga miaka kumi. Lakini kabla ya hayo yote kuna swali kubwa zaidi: je, mkataba wake unaruhusu mtu mwingine kuendesha? Mingine inataja madereva kwa majina. Kama jina lako halimo, hatutafika hata kwenye eksesi, dai lote linaweza kukataliwa.

Mjuaji, hasira yako naielewa. Kampuni haikujui wewe, inaangalia kundi lako. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ukiwa unapanga bei ya hatari, huwezi kuifumbia macho namba hiyo. Mpaka wa kipi kinaruhusiwa kutumika unawekwa na sheria. Mfano katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2012 kampuni haziruhusiwi kumtoza mwanamume na mwanamke ada tofauti kwa sababu ya jinsia, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Haki ya Ulaya wa mwaka 2011. Umri haukuguswa na uamuzi ule.

Na eksesi yenyewe ina sababu ya kawaida kabisa. Mkwaruzo wa mlangoni unahitaji jalada lifunguliwe, mtathmini atumwe, picha zikaguliwe, gereji ijibiwe. Kazi hiyo yote inaweza kugharimu kuliko mkwaruzo. Madai madogo yakiondolewa, ada ya kila mtu inashuka. Halafu mtu ambaye naye ana chake cha kupoteza hurudi nyuma taratibu zaidi, hilo halina siri.

Sasa mtoa mada, hapo mwisho umeteleza. Kutodai ni haki yako. Kutotoa taarifa ni jambo jingine. Mikataba mingi inakutaka utoe taarifa ya ajali yoyote ndani ya muda mfupi, hata kama hudai kitu. Ukinyamaza halafu baada ya miezi miwili yule uliyemgusa akaleta madai ya shingo kuuma, utakuwa umejivua kinga mwenyewe. Piga simu, sema wazi: "Natoa taarifa tu, sidai." Uliza pia kama taarifa tupu inagusa punguzo lako, maana hapo kampuni hazifanani.

Usukani22

Asante mkuu. Nimeelewa, nafuta kauli.

Bi Mkubwa wa Funguo

Mimi ni mzazi, nina vijana wawili wenye leseni. Ada ya yule mdogo ilikuwa inatisha, fundi wetu akanishauri niandikishe gari lake kwa jina langu kama dereva mkuu na yeye kama dereva wa mara moja moja. Ada ikashuka karibu nusu. Kuna ubaya? Maana gari kwa kweli linalala kwake na ndiye anaenda nalo kazini kila siku.

Dawati la Madai

Mama, upo. Ulichosema kwenye fomu na kinachotendeka barabarani ni vitu viwili, na bima imejengwa juu ya kusema ukweli wote mwanzoni. Mtathmini akifika anauliza maswali mepesi: gari hulala wapi, nani hulitumia asubuhi, kiti kimesogezwa kwa urefu wa nani. Ndiyo, hata kiti. Ikibainika, kampuni inaweza kukataa dai au kuufuta mkataba tangu mwanzo, na kijana atabeba historia ya kufutiwa bima kila atakapojaza fomu nyingine. Warekebishieni taarifa kabla halijatokea la kutokea. Ada itapanda, lakini angalau mtakuwa na bima kweli.

Bi Mkubwa wa Funguo

Nimekusikia baba. Kesho nawapigia.

Kovu la Bampa

Nami niweke langu. Niligongwa nyuma nimesimama kwenye taa nyekundu. Kosa lote ni la yule bwana, alikiri mbele ya askari. Bado gereji wakanidai eksesi! Nikauliza: eksesi si faini ya mkosaji? Nimekosa nini mimi?

Usukani22

Hilo nami nilikuwa naliamini, kwamba ni faini. Kumbe eksesi haiulizi nani mkosaji. Ukitumia bima yako kutengeneza gari lako, fungu lako la kwanza unalitoa, halafu linadaiwa kwa mkosaji. Dawati atuongoze hapo.

Dawati la Madai

Ndivyo. Una njia mbili. Ya kwanza, umdai mkosaji au bima yake moja kwa moja, usiguse yako kabisa. Hapo hakuna eksesi, ila unaweza kusubiri sana, na wakibishana gari linabaki limekunjamana. Ya pili, bima yako itengeneze haraka, utoe eksesi, kisha kampuni yako inasimama mahali pako kumdai mkosaji. Muulize mtu wa madai swali hili hili kwa maandishi: "Mkidai, mnadai na eksesi yangu, au hiyo nafuatilia mwenyewe?" Wengine huidai pamoja, wengine wanadai walichotoa wao tu na wewe unabaki unangoja kitu ambacho hakuna anayekifuatilia. Ikiamuliwa kwamba kosa ni nusu kwa nusu, tarajia kurudishiwa nusu ya eksesi yako.

Ndiyo maana pale barabarani, kabla ya kutoleana maneno, piga picha magari yakiwa bado yalipo, namba za usajili, jina la kampuni ya bima ya mwenzako, na simu ya shahidi hata mmoja. Aliyekugonga akitoroka, eksesi imebaki kwako.

Kovu la Bampa

Picha nilipiga. Ya taa zangu za nyuma. Namba yake sikupiga, nilikuwa natetemeka.

Mjuaji

Bado nasema wizi, ila sasa kwa adabu. Swali: kwenye mkataba wangu imeandikwa "10% ya dai, isiyopungua 15". Wa mtoa mada ni 2.5% ya thamani ya gari. Wangu mbaya zaidi, si ndiyo? Kumi ni kubwa kuliko mbili na nusu.

Usukani22

Niliumia na hesabu hii wiki nzima, niachieni hii. Asilimia yenyewe haisemi kitu mpaka ujue ni asilimia ya nini. Chukua gari la vipande 1,000. Uharibifu ukiwa 68, kwako 10% ni 6.8, lakini kuna kiwango cha chini, kwa hiyo unalipa 15. Mimi, tukiacha zile nyongeza, nalipa 25. Hapo umenishinda. Sasa gari libinuke, matengenezo yafike 600. Wewe unalipa 60, mimi bado 25. Wako ni mwepesi kwenye mikwaruzo na mzito kwenye ajali kubwa. Wangu ni kinyume chake.

Mimi kwa maoni yangu ningechukua wa kwangu, kwa sababu mkwaruzo naweza kuutengeneza kwa kujibana, ajali ya 600 siwezi. Lakini mtu mwingine anaweza kuona tofauti.

Mjuaji

Naona tofauti. Sisi madereva wachanga tunakwaruza kuliko kubinuka. Nabaki na wangu.

Usukani22

Haya, hoja nimeipokea.

Kijiti cha Gia

Nafanya kazi na watathmini, naongeza jambo moja ambalo vijana wanalilia sana. Eksesi ni ya kila tukio. Mtu anakaa na mbonyeo mlangoni miezi mitano, siku anagonga bampa anasema "nitaunganisha yote kwenye dai moja". Tunaliona. Kovu la zamani lina vumbi ndani ya ufa na kutu kwenye ukingo, jipya linang'aa chuma. Urefu kutoka ardhini haulingani, rangi iliyobaki ni nyekundu huku na nyeupe kule. Tunaandika matukio mawili, na matukio mawili ni eksesi mbili. Mara nyingi ya pili inameza mbonyeo wote, na juu yake umeshaonekana mtu wa kupanga maneno.

Kioo cha mbele nacho kiulizieni peke yake. Mikataba mingi inakiweka kwenye kifungu chake, chenye eksesi ndogo au bila eksesi. Watu wanalipa kioo mfukoni kwa kuogopa eksesi ambayo haikihusu. Ufa mdogo wa jiwe wahi kuuzibisha, ukisubiri kioo chote kinakwenda.

Wizi nao una mstari wake, na mara nyingi eksesi yake hushuka kama gari lina kifaa cha kulifuatilia. Na gari likihesabiwa hasara kamili, yaani halifai tena kutengenezwa, eksesi bado inakatwa kwenye hundi, usishangae.

Tairi la Akiba

Na hizi "kinga za eksesi" wanazouza? Unaongeza kidogo kwenye ada halafu eksesi inafutwa. Kwa kijana si ndiyo dawa?

Dawati la Madai

Inaweza kuwa, ila soma inafuta ipi. Nyingine zinafuta eksesi ya msingi tu, nyongeza ya umri inabaki palepale. Kwa mkataba wa mtoa mada, kinga kama hiyo ingefuta 25 na kumwachia 35. Nyingine zinatumika mara moja kwa mwaka. Kuna pia zinazouzwa pembeni, ambapo unalipa kwanza halafu unarudishiwa. Hizo zinakutaka uwe na pesa mkononi siku ya kuchukua ufunguo, yaani zinakusaidia baada ya shida yenyewe kupita.

Magari ya kukodi ndiko mambo huwa makali zaidi. Kampuni nyingi za kukodisha humtoza kijana nyongeza ya siku, na eksesi inazuiliwa kwenye kadi yako kabla hujawasha gari. Pigia picha kila upande kabla ya kuondoka, hata magurudumu.

Bi Mkubwa wa Funguo

Swali la mwisho la mzazi. Ile ya hiari, mtu asiivute kabisa?

Usukani22

Kama una akiba, ivute. Mimi sasa kabla ya kununua natafuta bei tatu: hiari sifuri, ya kati, na ya juu. Nikaona kwamba hatua ya kwanza inapunguza ada kidogo, za mbele karibu hazipunguzi kitu ila mzigo wangu unakua palepale. Halafu nakusanya eksesi zote zilizonihusu, jumla yake najiuliza kama naweza kuitoa wiki hii hii, bila kukopa. Jibu likiwa hapana, narudisha kitufe kushoto. Mwaka huu nimekirudisha sifuri. Na ile jumla nimeiandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya bima, iliyo garini.

Kovu la Bampa

Na wenye bima ndogo, ya mtu wa tatu tu? Sisi hatuna eksesi?

Dawati la Madai

Gari lako mwenyewe halilipwi kabisa, kwa hiyo hapo unabeba zote. Kwa upande wa uliyemgonga, mara nyingi hakuna, ila baadhi ya mikataba inaweka eksesi kwenye mali ya mtu wa tatu: kampuni inamlipa yeye, halafu inakugeukia wewe kwa fungu lako. Angalia mstari huo.

Tairi la Akiba

Nimetoka kwa shangazi sasa hivi. Tumefungua jedwali lake wote wawili, miwani yake tumepokezana. Ukurasa wa nne: nyongeza ya umri chini ya miaka 25, na chini yake nyongeza ya leseni isiyofika miaka miwili. Zote mbili zinahesabika, zinajumlishwa. Kuendesha naruhusiwa, hilo lipo. Shangazi akapiga hesabu kwa kalamu pembeni ya karatasi, akaitazama, akanitazama mimi.

Jumamosi anaendesha yeye. Mimi nitakaa nyuma na zawadi.